Hesabu Isomwe Hadharani

Leo nazungumza na vijana, hasa vijana wa Mackinnon Road na vijiji vyake, na ninazungumza juu ya pesa za watu. Wazee nao wasizime redio, maana sehemu yao ipo.

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, ukazipita Mazeras, Mariakani, Samburu na Taru, unaingia Mackinnon. Hii ni kaunti ya Kwale, ingawa watu wa mbali wakitajiwa Kwale huona Diani, mchanga mweupe na mahoteli. Mackinnon haina bahari. Ina barabara, ina reli, ina nyika ya Taru, na kando ya reli ina msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Huyu alikuwa Mpunjabi aliyekuja na maelfu ya wenzake kujenga reli ya Uganda, kazi iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Inasimuliwa kwamba karai lake la kubebea kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Alizikwa hapo, na mpaka leo wasafiri husimama, Waislamu kwa Wahindu, wenye malori na wenye magari madogo. Huomba dua, hutoa sadaka, kisha huendelea na safari.

Mackinnon hiyo hiyo ilipata kuwa na mradi mkubwa kuliko mji wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kujenga pale bohari la jeshi, kwa kuwa ilijua haitakaa sana Misri na Palestina na ilitaka mahali pengine pa kuweka shehena zake. Pesa nyingi zilimwagwa katika nyika ile. Kufikia 1950 mradi ulikuwa umeachwa. Mwaka 1954 mahali hapo pakawa kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau waliosombwa Nairobi.

Tazameni mambo hayo mawili, ndugu zangu. Bohari liliamuliwa London na watu wasiojua hata silanga moja, yaani bwawa dogo la maji ya mvua, ya Taru, na wao walipobadili mawazo nalo likafa. Kaburi limetunzwa kizazi baada ya kizazi kwa sadaka za wapita njia, na kila anayetoa anaona kwa macho yake kile anachokitolea. Mimi naona vijana wetu wana la kujifunza hapo kabla hawajachapisha kadi ya kwanza ya mchango.

Vikundi vya vijana tunavyo vingi. Kuna vya bodaboda, vya mpira, vya madrasa, vya kanisa, vya wasichana waliomaliza shule na kurudi nyumbani. Kila kikundi kikishakaa pamoja miezi michache huanza kutafuta jambo la kufanyia jamii. Wengine wanataka kumnunulia mtoto yatima sare na vitabu, wengine wanataka futari ya Ramadhani kwa wasiojiweza, wengine sodo za wasichana wa shule, wengine choo, wengine tangi la maji. Hamu hiyo ni mali. Kijana asiye na ajira ya kudumu ambaye bado anafikiria mtoto wa jirani anastahili heshima yetu, na ninamheshimu.

Lakini nimefuatilia michango ya aina hii kwa muda, na jambo moja limenikaa. Siku ya kuchanga huwa na shangwe: hema, viti, muziki, kuku wanapigwa mnada, mbuzi wanapigwa mnada, mtu anatangaza shilingi 500 anapigiwa makofi. Halafu kimya. Miezi inapita, waliotoa hawajui kilichonunuliwa, kilichobaki hakijulikani kiko kwa nani, na mwaka unaofuata vijana wakirudi na kadi mpya watu wanafunga milango. Kwa maoni yangu mchango unakamilika siku hesabu inaposomwa mbele ya waliotoa. Kabla ya siku hiyo kazi imefika nusu tu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Uko Kwale hii hii, upande wa pili wa kaunti, Gazi, njia ya Msambweni. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda na kupanda mikoko katika eneo la hekta 117, na kwa kuwa mikoko hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi, wanauza kiasi hicho cha kaboni kwa wanunuzi wa ng'ambo wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina hiyo duniani kwa mikoko inayolindwa na wanakijiji wenyewe, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Pesa zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na mahitaji ya shule.

Kinachonivutia mimi kuliko tuzo ni mkutano. Pesa zikifika, wanakijiji hukaa wakajadili zifanye nini mwaka huo. Mvuvi anasema, mama muuza samaki anasema, mwalimu anasema, kamati inasikiliza. Ubishi unakuwepo, na ni afya, kwa sababu mtu aliyebishana juu ya bomba la maji hatakubali liibiwe. Vijana wa Mackinnon hawana mikoko, hilo najua. Mkutano wanaweza kuwa nao. Mti wa kukaa chini yake upo, na daftari linauzwa dukani.

Sasa nije kwenye njia za kutafuta pesa, maana hapa tuna mambo ya kuambizana waziwazi.

Pwani tunayo njia moja ninayoipinga bila kuzungukazunguka, nayo ni disko matanga. Mtu amefariki, familia haina pesa za mazishi, vijana wanaleta spika na jenereta, muziki unapigwa usiku kucha na wanaokuja wanatoa chochote. Nia ya kwanza ilikuwa kusaidia wafiwa. Kilichofuata tunakijua sote. Wasichana wa darasa la saba na la nane wanatoka nyumbani saa nne za usiku kwa jina la kwenda msibani, na miezi michache baadaye wanaacha shule wakiwa wajawazito. Ndiyo sababu maafisa wa utawala wa Kwale na Kilifi wamepiga marufuku disko hizo mara kwa mara. Vijana wangu, kikundi hakiwezi kununua sodo ili msichana asikose shule kwa pesa zilizopatikana mahali ambapo msichana huyo huyo aliharibiwa maisha. Kama kuna kikundi bado kinakodisha spika kwa disko matanga, kiache. Kuna mechi za mpira, kuna mashindano ya kusoma Kurani, kuna kwaya, kuna minada ya mchana. Kule Diani, mwanzoni mwa Juni, watu wamekuwa wakikusanyika kwa mashindano ya michezo ya kuchekesha yaitwayo Diani Rules, na pesa zimekuwa zikienda kusaidia kituo cha macho cha Kwale. Watu wanafurahi, mgonjwa wa mtoto wa jicho anatibiwa, na hakuna mzazi anayelia kesho yake.

Njia ya pili inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ina heshima kubwa machoni pa watu. Ni njia ya mgeni wa heshima. Harambee ni jambo letu. Tangu Mzee Jomo Kenyatta atoe wito huo mwaka 1963, wananchi wamejenga shule na zahanati nyingi kwa mikono na mifuko yao, na kizazi kizima kimesomeshwa na michango hiyo. Kisha wanasiasa wakaigeuza kuwa jukwaa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia viongozi kutumia vyeo kuchangisha, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee tena. Matangazo hayo yasiwafanye mkalala. Mheshimiwa asipokuja kwa mlango, hutuma bahasha kwa dirisha.

Tatizo la bahasha ni hili. Kikundi kinachanga kwa jasho shilingi 18,000, Mheshimiwa analeta 100,000 kwa siku moja, na tangu siku hiyo mradi ni wake. Fulana zina picha yake, tangi lina jina lake. Akishindwa uchaguzi, bomba likivunjika hakuna anayelishika, kwa sababu kila mtu anasema ni tangi la fulani. Sisemi mkatae pesa. Pokeeni, mwandikieni risiti, jina lake liingie daftarini chini ya jina la mama aliyetoa mayai matano, kwa mwandiko ule ule. Asiyetaka kuandikwa hivyo aende na pesa zake.

Vijana wenyewe wa nchi hii wameshatuonyesha kwamba inawezekana kuchanga bila bahasha. Katikati ya 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mwanaharakati Hanifa Adan alichangisha mamilioni ya shilingi kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa. Waliotoa walikuwa vijana wenzake, mmoja hamsini, mmoja mia mbili, kupitia simu. Baadaye alianika hesabu mbele ya nchi nzima, pesa zilivyoingia na zilivyotoka. Hakusubiri kulazimishwa na ofisi yoyote. Nchi yenye mawaziri na makatibu wengi namna hii ilipata somo la kutoa hesabu kutoka kwa msichana mwenye simu, na mimi nilijivunia kizazi chake.

Tukizungumzia simu, nataka niwaonye juu ya jambo dogo linalovunja vikundi vingi. Pesa za mchango zisitumwe kwa laini ya mtu binafsi. Mweka hazina anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini kama laini yake ina deni la Fuliza, ule mkopo wa simu, shilingi ikiingia tu deni linakatwa hapo hapo, kabla hata hajasoma ujumbe. Jioni anaulizwa pesa ziko wapi, hana. Anaitwa mwizi. Undugu unavunjika, kikundi kinakufa, na mtoto aliyetarajia sare anabaki na kaptura iliyochanika. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Ili mfungue, mtahitaji cheti, na cheti kinapatikana ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Ofisi hiyo itataka katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, viongozi wanaojulikana. Ni usumbufu wa siku chache, na unawakinga nyinyi kwa nyinyi.

Pesa za mkopo nazo zina daftari lake. Hazina ya Vijana iliyoanza 2006 na Hazina ya Uwezo iliyoanza 2013 zinatoa mikopo ya biashara, na mkopo hurudishwa. Mkichukua mkopo wa kufuga mbuzi kisha mkautumia kulipia yatima karo, mmefanya wema kwa pesa ambazo si zenu.

Kuna watakaoniuliza, wewe unayezungumza, vijana hawa watachanga nini na kazi hawana? Swali zuri. Wazee wetu Wamijikenda walikuwa na mweria. Watu walikusanyika wakalima shamba la mmoja, kesho wakalima la mwingine, mpaka mashamba yote yakaisha, na hakuna aliyeulizwa ana senti ngapi. Kazi ilikuwa mchango. Basi iandikeni kazi daftarini. Kijana aliyechimba msingi siku nzima aandikwe siku moja. Mwenye mkokoteni aliyeleta mchanga aandikwe safari alizopiga. Fundi aliyepunguza bei aandikwe kile alichopunguza. Mkijumlisha mtakuta kikundi kinachojiita maskini kimetoa zaidi ya mfadhili. Na mfadhili anayekuja akakuta daftari la namna hiyo atajua anajiunga na watu walioanza.

Mradi wenyewe uchagueni kwa kuangalia mtaweza kuutunza au la. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mackinnon shida yenyewe inajulikana. Ukame ulipotangazwa kuwa janga la taifa Februari 2017, na tena Septemba 2021, kaunti yetu ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zilizoumia, na Kinango, upande wetu wa bara, iliumia kuliko pwani ya bahari. Wasafiri wa barabara hii wameona watoto wamesimama kando ya lami na chupa tupu, wakiwapungia madereva wa malori wawape maji. Na bomba la Mzima, linaloleta maji kutoka Tsavo Magharibi mpaka Mazeras na Mombasa, linapita njia hii hii. Vijiji vya ndani kuelekea Kilibasi hutegemea silanga, na silanga ikikauka watu, ng'ombe na ndovu wote wanatafuta tope lile lile.

Kikundi cha vijana hakiwezi kujenga bwawa kubwa. Kinaweza kuvuna maji ya paa la shule. Fanyeni hesabu hii na watoto ubaoni: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya bati la mita moja ya mraba, inatoa lita moja. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina paa la mita 160 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua nzuri ya siku moja, inamwaga juu yake lita 3,200. Toeni kidogo kwa yanayopotea, bado mvua nne kama hiyo zinajaza tangi la lita 10,000. Maji hayo yote leo yanaanguka, yanachimba mtaro uwanjani na kupotelea kichakani.

Na hesabu hiyo hiyo inawaambia pa kuanzia. Watu hukimbilia kununua tangi kwa sababu tangi ni kubwa na linapigwa picha vizuri. Anzeni na mifereji ya bati iliyofungwa sawasawa, yenye mteremko kuelekea tangi. Kisha msingi wa saruji na mawe, kwa maana lita 10,000 ni tani 10, na tangi likiwekwa juu ya udongo mtupu litainama na kupasuka. Kisha namna ya kumwaga maji ya kwanza ya msimu, yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kisha bomba lenye kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo anayejulikana kwa jina. Halafu ndipo tangi. Na katika pesa mlizochanga, fungu moja libaki kwenye akaunti kwa ajili ya matengenezo, kwa sababu bomba litavunjika. Kikundi kilichotumia kila senti siku ya uzinduzi kitarudi barabarani kuomba pesa za koki ya bomba.

Wazee, nimefika kwenu. Chifu akiita baraza, wapeni vijana dakika kumi wasome hesabu yao: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Imamu afanye hivyo baada ya swala ya Ijumaa, mchungaji baada ya ibada. Wasichana wawemo katika kusoma, maana mara nyingi wao ndio wanaoandika vizuri na sisi tunawapa kazi ya kupika chai. Wakikosea hesabu wasahihisheni bila kuwadhalilisha. Kijana aliyetukanwa mbele ya watu kwa kukosea shilingi mia hatasimama tena, na wale waliokuwa wakitaka kuiba watafurahi kwamba hakuna anayesoma.

Na wewe msafiri unayesimama Mackinnon kwa dua au kwa chai, ukimwona kijana na kadi ya mchango mkononi, usimfukuze wala usimtupie noti kupitia dirisha la gari. Muulize kikundi chake kinaitwaje, mwombe akuonyeshe cheti na ukurasa wa mwisho wa daftari. Akikuonyesha, mpe kwa moyo. Akiwa hana, mwambie aende akaandike, utampa ukirudi.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Vikundi vyote vya Mackinnon, Taru, Kilibasi na Makamini vilivyochanga pesa mwaka huu, nawaomba kabla ya mvua hizo msome hesabu zenu hadharani, hata kama kilichobaki ni shilingi 300.